Waridi Lao na Waridi Letu



Tulipokwisha kuswali Idi Kubwa, Juni 2025, katika msikiti wa Regent's Park, tuliingia na wajukuu katika Queen Mary's Gardens, bustani ya jirani yenye mawaridi kiasi cha 12,000. Mjukuu wangu wa kike, mwenye umri wa miaka tisa, akaniarifu kuwa shuleni wamesomeshwa kuwa waridi ni ua la England, kama Scotland walivyo na mbigili. Akaniuliza, "Babu, na sisi letu lipi?"

Nilimjibu upesi, kwa mazoea ya ualimu: "Karafuu." Nikamweleza kuwa karafuu ni ua lichumwalo kabla ya kuchanua, likaanikwa juani, na kwamba bendera ya Zanzibar ya Desemba 1963 ilikuwa na karafuu mbili ndani ya duara la kijani, ikashushwa mwezi uliofuata. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Lakini Babu, mimi nimezaliwa Lewisham."

Sikuwa na jibu. Miaka yote nimewaambia wanangu hili lao, hili letu, nikidhani ninawahifadhi. Kumbe nilikuwa nikiwaweka mlangoni, si ndani wala si nje.

Tuliporudi nyumbani nilitoa mrashi wa marehemu bibi yake, uliokaa mkavu kabatini tangu afariki. Nikautia marashi aliyonipa dada yangu wa Muscat, yaliyotokana na mawaridi ya Jabal Akhdar. Nikamnyunyizia viganjani, kama tulivyonyunyiziwa sisi maulidini. Akanusa, akasema, "Hili ni lile la bustanini!"

Ndipo nilipomwambia kuwa hata waridi la England lilitokana na nikaha. Henry VII, wa upande wa Lancaster, alitwaa ufalme mwaka 1485. Mwaka uliofuata akamwoa Elizabeth wa York. Waridi jekundu na waridi jeupe yakaunganishwa, likawa ua moja.

Wazee wenzangu, karafuu tusiiache, lakini tusiwanyime watoto wetu waridi. Nalo wamelirithi, kwa kuzaliwa huku na kwa mrashi wa bibi yao.

Mrashi sasa uko sebuleni. Kuujaza ni kazi ya mjukuu wangu.