Bei Iliyotangazwa na Fedha Iliyofika Mkononi



Katika mikutano yetu ya hapa Upplands Väsby swali moja limekuwa likirudi: imekuwaje mtu auze kitu katika mnada wa mtandaoni kwa krona 1,000, bei hiyo ionekane na kila mtu kwenye kioo cha simu, kisha akaunti yake ipokee krona 900? Wapo walioliita jambo hilo wizi. Wapo walioapa kutouza tena. Sisi tumeona si vyema kulinyamazia, kwa kuwa msimu wa vuli uliopita nyumba yetu ililazimika kuuza, na kila krona iliyokatwa ilikuwa na kazi iliyokuwa ikiingoja.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Bibi yetu aliyeko Tanga alipatwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili, na ukoo ukagawana gharama za upasuaji. Fungu letu lilikuwa krona 4,000, na tarehe ilikwisha kupangwa. Mishahara yetu, mmoja akisafisha ofisi na mwingine akipika katika jiko la shule, haikuacha ziada ya kiasi hicho. Tukashuka katika stoo ya chini ya jengo, tukaangalia nini kilichokuwa kimelala humo bila kazi: cherehani nzito ya Husqvarna, kigari cha mtoto ambaye sasa anakimbia mwenyewe, na ovaroli nne za baridi zilizokwisha kuwa fupi. Juu, sebuleni, palikuwa na sanduku la Kizanzibari lenye misumari ya shaba, ambalo bibi alirithi kwa mama yake naye akatukabidhi tulipooana. Habari za sanduku tutazifikia.

Kwanza na tuseme kwamba ada ya mnada si uvumbuzi wa Wazungu wa kompyuta. Nani kati yetu aliyekulia pwani asiyemjua dalali? Katika mnada wa samaki wa Feri, Dar es Salaam, au kule Malindi, Unguja, mvuvi hawezi kuiacha ngalawa na kusimama kutwa akipaza sauti. Mnadi humsimamia, hukusanya wanunuzi, hupandisha bei, na fedha ikipatikana hujikatia sehemu yake. Hakuna mvuvi anayeshangaa. Huenda akanung'unika kuhusu kiasi, na pengine ana haki, lakini kukatwa kwenyewe hakumshangazi, maana amekuona kukifanyika mbele ya macho yake. Tofauti ya mnada wa mtandaoni ni kwamba dalali hana uso wala sauti.

Hata mji huu tuliohamia una historia ndefu ya biashara hiyo. Stockholms Auktionsverk ilianzishwa mwaka 1674 na Claes Rålamb, aliyekuwa gavana wa Stockholm, na ingali inauza hadi leo. Mnada wa mtandaoni ni mtoto mdogo mbele yake. Mwaka 1995 Pierre Omidyar alifungua kule California soko ambalo baadaye liliitwa eBay. Kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kurunzi ya leza iliyoharibika, nayo ilipata dola 14.83. Mwanzoni hakutoza kitu. Ilikuwa mwaka 1996, kampuni iliyompa huduma ya intaneti ilipompandishia malipo hadi dola 250 kwa mwezi, ndipo alipoanza kuwakata wauzaji. Kwa hiyo ada ilizaliwa na bili. Hapa Uswidi, Tradera ilianza mwaka 1999, ikanunuliwa na eBay mwaka 2006, na ikauzwa tena mwaka 2021. Soko lenye wanahisa halihitaji bili ya dola 250 ili lipate sababu ya kutoza, lakini asili ya jambo ndiyo hiyo.

Sasa tuje kwenye hesabu, kwani hapo ndipo wengi wanapoumia. Ada ya muuzaji kwa kawaida hukatwa kama sehemu ya bei ya mwisho, yaani dau la mtu aliyeshinda, wala si ya bei uliyoanzia. Soko tulilotumia sisi lilikuwa likikata 10 kwa kila 100. Viwango hivyo hubadilika, na masoko hutofautiana. Wengine huweka kiwango cha chini kisichopungua hata kitu kikiuzwa kwa bei ya peremende, na wengine huweka kikomo cha juu. Aidha kuna nyongeza za hiari, kama vile kulipia tangazo lipandishwe juu ya mengine. Ukurasa wa ada husomwa siku ile ile ya kuuza. Kumbukumbu ya mwaka jana haitoshi.

Mjomba, aliyekuwa mgeni wetu wakati huo, alitoa shauri lililosikika la busara: ikiwa tunahitaji 4,000, na soko linakata sehemu ya kumi, basi tuongeze sehemu ya kumi juu yake, tuuze vitu vya krona 4,400. Binti yetu, aliye darasa la nane, alikuwa mezani akifanya kazi ya shule. Bila kuinua kichwa alisema, "Shikamoo mjomba, lakini zitapungua." Mjomba akacheka, akamtaka athibitishe. Akaandika: sehemu ya kumi ya 4,400 ni 440, na 4,400 ukitoa 440 inabaki 3,960. Krona 40 hazipo. Kumbe soko halikati sehemu ya kumi ya kile unachokitaka wewe. Hukata sehemu ya kumi ya kile alicholipa mnunuzi, na hicho ni kikubwa zaidi. Njia iliyo sahihi ni kugawanya fedha unayoitaka kwa 9, kisha kuzidisha kwa 10. Elfu nne zikawa 4,444 na senti kadhaa. Mjomba aliitazama karatasi kwa muda, akasema kwamba angalifundishwa hesabu na mtu mwenye shida ya fedha angaliielewa mapema.

Krona 40 si mali nyingi kwa wenyeji wa hapa. Kwa mtu aliyekwisha kuahidi fungu lake mbele ya ukoo mzima, ni simu ya aibu.

Cherehani ilitufikirisha zaidi kuliko vyote. Ni chuma kitupu, na mzigo wa namna hiyo ukipelekwa kwa posta hula nusu ya faida, ama mfukoni mwako ama mwa mnunuzi, kwa sababu mnunuzi mwenye akili hujumlisha bei na usafirishaji kabla ya kutaja dau lake. Yafaa pia kujua kwamba katika baadhi ya masoko, eBay ikiwamo, ada ya muuzaji hupigwa juu ya jumla yote aliyolipa mnunuzi, gharama ya posta ikiwa ndani yake. Basi muuzaji anayelipwa posta na kuilipa posta vile vile hujikuta amekatwa kwa fedha ambayo haikuwa yake. Tuliandika katika tangazo kwamba cherehani itachukuliwa kwa mkono. Aliyeshinda alikuwa mama mmoja wa Uppsala, akaja kwa treni moja kwa moja hadi stesheni ya Väsby na kitoroli cha kuburuta. Alilipa 1,900. Tulibakiwa na 1,710.

Kigari kilipata 1,600, zikabaki 1,440. Katika kigari hicho watu wawili walishindana hadi dakika za mwisho, na hapo ndipo tunaposhuhudia kwamba dalali asiye na uso aliistahili sehemu yake. Tulikuwa tumekwisha kubandika karatasi katika chumba cha kufulia kwa majuma mawili, tukiomba 900, na jirani aliyetaka alitupa 500. Yeye hakuwa mbaya. Tangazo la chumba cha kufulia linaonwa na watu wa ngazi moja, nao wote wana vigari. Mnada uliwaleta watu wasiotujua ambao walikitaka kitu chenyewe. Kwa ovaroli, kila moja ilipata 240, zikabaki 216, mara nne zikawa 864. Posta ililipwa na wanunuzi, na mifuko ya kufungia tuliitoa katika ile tuliyowahi kupokelea vitu. Jumla ya mauzo ilikuwa 4,460, iliyokatwa 446, iliyofika 4,014.

Twasisitiza hata hivyo kwamba si kila kitu kistahilicho kuuzwa kistahili mnada. Wauzaji wengi huanzia krona 1 ili kuvuta watu, na kwa kitu kinachotafutwa sana hufaulu. Lakini dau ni ahadi inayofunga pande zote mbili. Akitokea mtu mmoja tu jioni ya mvua, basi ovaroli yako imekwenda kwa krona 1, na kama soko lina ada ya chini kabisa, yawezekana ukadaiwa zaidi ya ulichopata. Anzia bei ambayo hutalia nayo. Vikombe, vitabu vya watoto na fulana bado mahali pake ni meza ya loppis, ambapo mtu hukata mwenyewe.

Na sanduku? Mjomba alishauri lipelekwe katika nyumba ya mnada ya mjini. Tulisoma masharti. Nyumba za namna hiyo aghalabu humkata muuzaji kamisheni, na mara nyingine picha na bima, kisha humwongezea mnunuzi malipo yake juu ya bei. Utaratibu wa kumtoza mnunuzi pia ulianzishwa London mwaka 1975 na Christie's na Sotheby's, na wauzaji walidhani mzigo wao utapungua. Miaka ya 1990 nyumba hizo mbili kubwa zilipatana kwa siri kuhusu kamisheni ya wauzaji. Jambo hilo lilifichuka mwaka 2000, zikalipa fidia ya dola milioni 512, na mwenyekiti wa zamani wa Sotheby's, Alfred Taubman, akatiwa hatiani mwaka 2001. Hatusemi kwamba nyumba za hapa hufanya hivyo. Twasema tu kwamba ada ina tabia ya kuhama mfuko bila kutoweka. eBay iliwafutia ada wauzaji binafsi wa Ujerumani mwaka 2023, na wa Uingereza mwaka 2024. Uingereza, miezi michache baadaye, mnunuzi akaanza kutozwa ada ya ulinzi. Vinted, iliyoanza Lithuania mwaka 2008, haimkati muuzaji, humtoza mnunuzi. Mnunuzi mwenye krona 300 mfukoni hatoi 300 na ada juu yake. Hutoa pungufu, na upungufu huo ni wako.

Sanduku halikwenda popote. Bibi aliposikia kwa simu kwamba limepigwa picha, alisema afadhali asubiri kiangazi kingine kuliko kuonyeshwa dunia kwa bei ya sanduku la mama yake. Tukafuta picha.

Jambo la mwisho ni la Skatteverket, kwa sababu kuna hofu nyingi. Tangu mwaka 2023, kwa sheria ya Umoja wa Ulaya, masoko ya mtandaoni hayana budi kutoa taarifa kwa mamlaka ya kodi kuhusu muuzaji aliyefanya mauzo 30 au zaidi katika mwaka, au aliyepata zaidi ya euro 2,000. Ndiyo maana soko huomba namba yako ya utambulisho, na kuiomba huko si dalili ya kushukiwa. Kutajwa katika taarifa si kutozwa kodi. Vitu ulivyovitumia nyumbani vina msamaha: faida ya hadi krona 50,000 kwa mwaka haitozwi, na kigari kilichouzwa kwa bei ndogo kuliko kilivyonunuliwa hakina faida yoyote. Lakini anayenunua vitu kwa nia ya kuviuza tena, mfululizo, huyo ni mfanyabiashara machoni pa sheria, naye ana wajibu mwingine kabisa.

Mali bila daftari hupotea bila habari, wazee walisema, na sisi tumefungua daftari la safu tano: kitu, bei tuliyokinunulia, bei ya mwisho, ada, na kilichofika. Anayeandika ni binti yetu. Risiti ya cherehani haikupatikana, kwa hiyo safu yake ya pili ameiacha tupu, na pembeni ameandika jina la duka la Märsta lililotuuzia, na mwaka.