Swali Nililolipuuza: Utupa, Bwawa la Samaki na Ufundishaji wa Sayansi

Makala nyingi za mbinu za kufundishia hueleza masomo yaliyofaulu: jinsi mwalimu alivyoandaa zana, wanafunzi wakashiriki, na lengo likafikiwa. Ni vyema hivyo. Hata hivyo, naamini kwamba mwalimu hujifunza mengi kutokana na somo lililomshinda, ikiwa atakuwa na ujasiri wa kulichunguza. Kwa sababu hiyo naomba niwaeleze walimu wenzangu somo moja nililolifundisha vibaya, hasara iliyofuata, na namna lilivyobadili kazi yangu.

Mwaka 1994 nilikuwa mwalimu kijana katika shule moja ya msingi ya Nyanda za Juu Kusini. Nilifundisha sayansi darasa la sita na kusimamia shamba la shule. Kama shule nyingi zilizorithi desturi za Elimu ya Kujitegemea iliyotangazwa mwaka 1967, shule yetu ilikuwa na bustani ya maharage na kabichi, na chini yake bwawa la samaki ambalo wanafunzi wenyewe walilichimba kwa majembe. Mfereji mmoja ulileta maji kutoka kijitoni, ukapita kando ya bustani, ukaishia bwawani. Perege wa bwawa hilo walikusudiwa kuuzwa ili watoto wasio na uwezo wanunuliwe madaftari.

Msimu ule vidukari waliyashambulia maharage. Dawa ya dukani ilikuwa ghali, nami nikaona nimepata nafasi nzuri ya kuunganisha nadharia na vitendo. Niliingia darasani na matawi ya utupa, kichaka ambacho wataalamu hukiita Tephrosia vogelii, nikaeleza kwamba majani yake yakitwangwa na kulowekwa hutoa dawa ya kuulia wadudu. Kisha nikasema kwa sauti ya uhakika, nikaandika na ubaoni: “Dawa hii ni ya asili, kwa hiyo haina madhara.” Wanafunzi wakainakili sentensi hiyo.

Msichana mmoja aliyeketi karibu na dirisha akanyoosha mkono. “Mwalimu, kama haina madhara, mbona babu alikuwa akivulia samaki?”

Darasa likacheka. Kengele ilikuwa karibu kulia, na andalio langu la somo halikuwa na nafasi ya swali kama hilo. Nikamjibu kwamba mambo ya wazee wa kijijini hayahusiani na somo letu. Akaketi.

Jioni ile tulitwanga majani na kuyaloweka. Siku ya pili tuliyachuja, tukatia sabuni kidogo, tukanyunyizia maharage. Vidukari walipungua sana, nami nikafurahi. Baada ya kazi niliwaamuru wanafunzi wasafishe ndoo na vinu mferejini, na mashapo yaliyosalia wayamwage humo humo.

Asubuhi tuliwakuta perege wameelea, matumbo juu. Wachache waliokuwa hai walitweta juu ya maji kana kwamba wanatafuta hewa. Mwalimu Mkuu alipouliza ni nani angeweza kutenda jambo hilo, mtoto mmoja akakumbuka swali la mwenzake: yule ambaye babu yake huvua kwa utupa. Hivyo swali lililokuwa la haki likageuzwa kuwa ushahidi. Msichana yule akapigishwa magoti mbele ya ofisi ya walimu tangu gwaride la asubuhi.

Nilikuwa najua. Nilijua tangu nilipoona mashapo ya kijani yamenasa kwenye nyasi za ukingo wa mfereji. Lakini nilinyamaza hadi saa sita mchana, nikijiambia kwamba huenda kuna sababu nyingine. Ndipo nikaenda kwa Mwalimu Mkuu nikaungama. Alinitazama kwa muda, akasema, “Basi, Mwalimu, nenda ukamwinue wewe mwenyewe.” Nilikwenda nikamwinua. Kesho yake nilimwomba radhi mbele ya darasa, nikawataka wanafunzi wote wafungue madaftari na kuikata kwa mstari ile sentensi.

Alichokijua babu yake kwa uzoefu, sayansi imekieleza kwa undani. Majani ya utupa yana kemikali za jamii ya rotenoni, jina lililotolewa na mkemia wa Japani, Nagai Nagayoshi, mwaka 1902 alipoitenga kemikali hiyo kutoka katika mmea mwingine. Rotenoni huingia katika seli na kuzuia kazi ya mitokondria, yaani sehemu ambamo chakula na oksijeni hutumika kuzalisha nishati. Samaki hupitisha maji mengi katika matamvua yake, kwa hiyo sumu hufika katika damu upesi. Maji yanaweza kuwa na oksijeni ya kutosha, lakini seli zake haziwezi kuitumia. Binadamu akiimeza, tumbo hufyonza kiasi kidogo tu, na jua na joto huivunja kemikali hiyo baada ya muda. Hayo ndiyo yaliyowafanya watu wengi waione kuwa salama. Hata hivyo, mwaka 2000 watafiti walionyesha kwamba panya wa maabara waliopewa rotenoni kwa muda mrefu walipata dalili zinazofanana na ugonjwa wa Parkinson.

Wala utupa hauko peke yake. Pareto, zao linalofahamika sana katika nyanda hizi, hutoa dawa ambayo ni sumu kali kwa samaki. Muhogo mchungu una kemikali zinazotoa sianidi. Ndiyo maana hulowekwa kabla ya kuliwa, na maji yake yakimwagwa bwawani yanaweza kuua samaki. Majani ya mkaratusi yana mafuta yanayoweza kuzuia mbegu za mimea mingine kuota. Mmea hauwezi kuwakimbia wadudu wala kuwafukuza washindani wake, kwa hiyo mingi hujilinda kwa kemikali. Neno “asili” hutueleza dawa imetoka wapi. Halitujulishi itamdhuru nani.

Tangu hapo nimelifundisha somo hili kwa hatua tatu, na sasa nawafundisha hivyo wanachuo wangu.

Kwanza, huanza na yale wanayoyajua wanafunzi. Mwalimu aulize: ni mimea gani ambayo kwenu hailiwi bila kutayarishwa, au mifugo huikwepa? Majibu yote yaandikwe ubaoni, hata yale yanayochekesha. Mimi nilimwalika babu wa yule msichana darasani. Alisema kwamba katika ujana wake walivua kwa utupa katika madimbwi ya kiangazi, na kwamba waliacha walipoona dimbwi linabaki tupu, kwa sababu utupa hauchagui: huua mzazi na kifaranga pamoja. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 inakataza uvuvi wa sumu, lakini wanafunzi wangu walikuwa wameielewa sababu yake miaka 9 kabla sheria hiyo haijatungwa.

Pili, wanafunzi wajaribu wenyewe, bila kuua samaki. Tunatumia mbegu za mchicha na sahani tatu zilizotandikwa kitambaa, kila moja ikiwa na mbegu 20. Sahani ya kwanza hupata maji matupu, nayo ni ya kulinganishia. Ya pili hupata maji yaliyolowekwa majani ya mkaratusi kwa siku nzima. Ya tatu hupata maji hayo hayo yakiwa yamezimuliwa: kikombe kimoja kwa vikombe tisa vya maji. Wanafunzi huhesabu mbegu zilizoota kila siku kwa juma moja, wakachora jedwali. Humo hugundua wenyewe kwamba kiasi ni sehemu ya sumu, jambo ambalo Paracelsus, tabibu wa Ulaya wa karne ya 16, alilisisitiza. Mikono ioshwe, na vyombo vya jikoni visitumike.

Tatu, kabla ya kumaliza kazi, kila kikundi kijibu swali moja kwa maandishi: maji haya yatakwenda wapi? Sisi humwaga mabaki katika shimo lililo mbali na kisima na mfereji. Swali hilo ni fupi, lakini lingeliokoa bwawa letu.

Bado nawahimiza wakulima watumie utupa kwa uangalifu pale unapofaa, kwani ni msaada kwa asiye na fedha. Lakini mwanachuo anapoondoka kwenda mazoezi ya kufundisha, humtaka aache dakika tano katika andalio lake kwa ajili ya maswali, na asiyeweza kulijibu swali aseme, “Sijui, tutalichunguza.” Samaki tulipandikiza wengine mwaka uliofuata. Zile saa ambazo mtoto alipiga magoti kwa kosa langu sikuweza kumrudishia.