Mjane, Kibanja na Safari za Goziba

Anayetaka kuwakuta wavuvi wa Goziba, kisiwa cha Ziwa Victoria, nchi kavu huangalia kwanza mwezi. Usiku wa giza dagaa hufuata taa, na wanaume huwa majini hadi alfajiri. Mbalamwezi ikitanda, taa hazivuti tena, nyavu hupumzika, na mwalo hujaa watu. Mama yangu mdogo, mjane wa Muleba, hupanga safari zake kwa mbalamwezi hiyo.

Hana cheo kanisani. Hupanda mtumbwi wa injini akaenda kuomba na wagonjwa, kuketi na wanawake wanaoanika dagaa, na hasa kulala kwa wale ambao waume zao walichukuliwa na ziwa wasionekane tena. Mwanamke aliyefiwa bila kaburi hahitaji mahubiri marefu. Anahitaji mjane mwenzake anayejua usiku ulivyo mrefu. Safari hizo si za kuchezea. Tangu meli ya MV Bukoba ilipozama katika ziwa hili tarehe 21 Mei 1996, wengi wetu hupanda chombo tukiwa na sala mdomoni. Naye huogopa, na huenda.

Mimi naishi Bielefeld, Ujerumani. Undugu wa mji huu na kwetu ni wa zamani: Misheni ya Bethel ilianza kazi Bukoba, jirani na Muleba, mwaka 1910, na Askofu Josiah Kibira, Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, alisoma theolojia hapa hapa mjini, mtaani Bethel. Huku mjane ana sheria nyuma yake. Hupata sehemu ya pensheni ya marehemu, wala si kawaida shemeji kumhoji kuhusu nyumba. Lakini nimemwona jirani mfiwa akimaliza majira ya baridi bila mtu kumbishia hodi.

Kwetu nyumba ya msiba hujaa watu. Matanga yakishaanuliwa, ukoo huketi, na kibanja, yaani shamba la migomba la familia, ndiyo ajenda. Sheria za mila zilizotangazwa mwaka 1963 zilimwachia mjane kutunzwa na watoto wake badala ya urithi. Mwaka 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza aliamua kwamba Holaria Pastory, binti wa Kihaya, alikuwa na haki ya kuuza shamba alilorithi kwa baba yake, sawa na mwanamume. Hukumu ile iliwafungulia wanawake njia, ila wajane wengi bado hawajaipita.

Mama mdogo alibaki kwenye kibanja chake kwa sababu marehemu aliacha wosia ulioandikwa. Ndizi za kibanja hicho ndizo nauli yake ya Goziba. Angefukuzwa, imani yake ingebaki, lakini wanawake wa mwaloni wasingemwona. Kitabu cha Matendo kinamkumbuka Tabitha wa Yafa, mji wa bandari, kwa nguo alizowashonea wajane. Huduma ina mikono, na mikono inahitaji mahali pa kufanyia kazi.

Ndugu zangu wa ughaibuni, tunachangia mabati na vipaza sauti vya kanisa kwa moyo mmoja. Tuwachangie pia wajane hawa nauli na jaketi okozi. Mwenye mke na shamba nyumbani aandike wosia mwaka huu, akiwa mzima. Na huku tuliko, tumbishie hodi mjane wa jirani.