Nyama Choma Juu ya Theluji

Mimi ni mzaliwa wa Marangu, kwa hiyo theluji nimeiona tangu utotoni, ila kwa mbali, kule juu Kibo. Kuigusa kwa mkono niliigusa Colorado, Marekani, nilipokwenda kutandika vitanda katika hoteli moja ya Summit County. Desemba hadi Machi wageni wa kuteleza kwa ski wanafurika, na sisi mlima tunauona kupitia vioo tunavyovifuta.

Aprili mambo hulegea. Vituo vya ski vinaanza kufungwa kimoja kimoja, vyumba vinabaki vitupu, zamu zinapungua na mshahara nao. Lakini Arapahoe Basin hawafungi. Pale chini tu, zinakoanzia lifti, ni zaidi ya mita 3,200 kutoka usawa wa bahari, na kilele kinakaribia mita 4,000. Theluji yao hudumu mpaka Juni. Mwaka 1995 watu waliteleza hadi tarehe 10 Agosti! Kando ya mteremko kuna safu ya maegesho ambako gari linakaa limegusana na theluji. Mahali hapo wenyeji wanapaita ufukwe, ingawa bahari iko zaidi ya kilomita elfu moja.

Nilipofika, ufukwe ulikuwa wa aliyewahi. Rafiki yangu mmoja, mtu wa Tanga, alikuwa na Toyota kuukuu, naye alinigongea mlango kungali giza: "Mangi, amka bwana, tutakuta pamejaa!" Tukapanda na jiko, kuku waliolala kwenye ndimu na pilipili, na viti vya kukunja. Ski hatukuzijua na tiketi ya lifti hatukuwa nayo. Hakuna aliyetuuliza. Kulia kwetu fundi wa lifti, kushoto familia ya Denver, wote kaptula na miwani ya jua huku theluji ikiwafika magotini. Watu walionja kuku wetu, wakarudi na sahani. Msimu ukielekea ukingoni, maji ya theluji hutuama chini ya mlima yakawa kijibwawa, Lake Reveal, na vijana hushuka kwa kasi ili wavuke juu ya maji. Wengine huvaa tai, wengine magauni ya harusi. Anayezama hushangiliwa kuliko anayevuka.

Kisha Denver ikatanuka, barabara ya I-70 ikajaa, na pasi za msimu za kampuni kubwa zikaleta umati. Mwaka 2019 Arapahoe Basin ilijitoa kwenye pasi ya Vail Resorts, na maegesho kufurika ilikuwa mojawapo ya sababu. Nafasi za ufukweni zikawa za kuweka mapema kwenye intaneti, na za kulipia. Ikaja korona: walifunga Machi 2020, wakafungua tena mwishoni mwa Mei kwa watu wachache, nao wakipatikana kwa kura. Mwaka 2024 mlima ukanunuliwa na kampuni ya Alterra, na siku hizi Jumamosi na Jumapili za msimu wa watu wengi hata maegesho ya kawaida yanawekewa nafasi.

Siwalaumu sana. Magari yaliyopangwa kandokando ya barabara ya milimani inayopita kituoni yalikuwa hatari, nimeyaona. Ila utaratibu wa kuweka nafasi humfaa mwenye kujua mwezi ujao atakuwa wapi. Mtandika vitanda huijua zamu yake siku chache kabla, na kufikia hapo ufukwe umekwisha. Wangeacha japo sehemu ndogo ya aliyewahi.

Nawe ukifika Colorado mwezi Mei, nenda katikati ya wiki, chukua miwani ya jua, na uchome nyama. Maharage yaache nyumbani: kwa urefu ule maji huchemka kwenye nyuzi 89 hivi, na utayasubiri mpaka lifti zifungwe.