Betri Iliyokufa Usiku

Mwezi huu twapenda kuwaandikia habari ya betri ya motokaa, kwa maana siku hizi sharika nyingi zina motokaa, na motokaa isiyowaka alfajiri huleta hasara, na pengine huleta ugomvi katika nyumba ya Mungu. Yaliyotupata huku kwetu Usambara yalikuwa ya namna hiyo. Twaona yafaa kuyaandika, ili mwenzetu akipatwa na jambo kama hili ajue pa kuanzia.

Kwanza tuseme betri ni nini. Watu wengi hudhani ni chombo kilichojazwa umeme kama mtungi ujazwavyo maji. Sivyo. Ndani mna mabamba ya risasi yaliyotumbukizwa katika tindikali na maji, na umeme hutokea kwa kazi ya tindikali juu ya mabamba yale. Mfaransa Gaston Planté ndiye aliyeivumbua betri ya namna hii mwaka 1859, kabla motokaa za leo hazijakuwako, na tangu hapo asili yake haikubadilika sana. Betri ya motokaa ndogo ina vyumba sita, na kila chumba hutoa volti 2 na kidogo. Kwa hiyo betri iliyoshiba na kupumzika huonyesha volti 12.6 hivi. Ikionyesha 12.2 imebaki nusu, na ikishuka hata 12 si ya kutegemewa tena. Na betri iliyoachwa na njaa siku nyingi, mabamba yake hushikwa na ukoko mgumu, wala hairudii nguvu zake za kwanza hata ukiichaji juma zima. Basi betri ifayo mara kwa mara haiharibu safari ya siku ile tu, bali hufupishwa maisha.

Motokaa ya usharika wetu hupeleka wagonjwa hospitali, huleta unga wa shule, na Jumapili humchukua mchungaji kwenda mitaani kuhubiri. Ilianza kugoma asubuhi, lakini si kila asubuhi. Huku milimani ugonjwa wa namna hii hufichika, kwa sababu madereva wamezoea kuegesha penye mtelemko na kuiachia motokaa ishuke hata injini ishike. Hivyo muda mrefu ukapita kabla wazee hawajajua. Walipojua wakanunua betri mpya. Hata mwezi haujaisha, nayo ikafa. Ndipo maneno yalipoanza. Hawa wakasema dereva husahau taa. Wale wakasema huchajia watu simu usiku kwa fedha. Baraza likaamua bei ya betri ikatwe katika mshahara wake kwa miezi mitatu.

Usiku mmoja wa Jumanne mama mmoja akashikwa na uchungu wa kuzaa. Mvua ilikuwa imeharibu mtelemko, na motokaa ilikuwa imeegeshwa uwanjani penye tambarare. Haikuwaka. Vijana wakamchukua yule mama kwa machela gizani hata njia kuu, wakangoja, wakapata lori. Mama na mtoto ni wazima, twamshukuru Mungu. Lakini juma lile lile neno la kumfukuza dereva likaandikwa katika shughuli za baraza.

Dereva huyo ana watoto wanne, na wawili kati yao huketi mbele yetu darasani. Alikana siku zote, pasipo makelele. Nasi hatukuwa na neno la kumtetea wala la kumshtaki. Tukaliomba baraza litupe siku saba tuipime motokaa, kwa kuwa shule yetu ina kipimo cha umeme cha kufundishia. Torati yataka mashahidi wawili au watatu ndipo mtu ahukumiwe, na hapa hapakuwa na hata mmoja. Palikuwa na dhana tu.

Kabla ya kushika kipimo tuliomba daftari la safari. Dereva huliandika kila siku kwa mwandiko mzuri, wala hatudhani kuna mzee aliyekuwa amelifungua. Tukaona kwamba motokaa ikitumika kila siku haigomi. Hugoma ikiwa imelala siku mbili au zaidi. Na kwa kuwa dereva hupumzika Jumatatu na Jumanne, karibu mara zote ilikutwa imekufa Jumatano asubuhi. Mtu asahauye taa husahau siku yoyote.

Tukaendelea na yaliyo mepesi. Vichwa vya betri vilikuwa na unga mweupe na wa kijani; tukauosha kwa maji ya moto na magadi, tukakaza. Mkanda wa alteneta ulikuwa mzima. Injini ilipokuwa ikinguruma tulipima katika betri tukapata volti 14.2, nayo ndiyo inayotakiwa, maana yapasa iwe kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Basi alteneta ilikuwa ikiilisha betri ipasavyo. Kisha tukaichaji betri usiku kucha (mahali penye hewa na pasipo moto, kwa sababu betri inayochajiwa hutoa hewa iwezayo kulipuka), tukaitoa, tukaiacha darasani siku mbili pasipo kuungwa na kitu. Mzee mmoja alituonya tusiiweke juu ya saruji, ati saruji hunyonya umeme. Neno hilo ni la zamani. Betri za leo zina ganda la plastiki, na sakafu haizidhuru. Hata hivyo tuliiweka juu ya ubao, kwa heshima yake. Siku ya tatu ilionyesha volti 12.6. Yaani betri yenyewe haikuwa na ila: kulikuwa na kitu katika motokaa kilichokuwa kikila umeme usiku.

Hapa twaomba msome polepole. Tuliirudisha betri, tukaufungua waya wa upande hasi, tukakitia kipimo kati ya kichwa cha betri na waya ule, ili umeme wote utokao upite katika kipimo kwanza. Kipimo chetu huvumilia ampea 10, na stata huvuta zaidi ya 100. Kwa hiyo mtu asithubutu kugeuza ufunguo wakati huo, kitaungua mara moja. Tukafunga milango, tukangoja nusu saa, kwa sababu motokaa za siku hizi zina mitambo midogo ya akili ambayo hulala baada ya muda. Motokaa iliyolala vizuri huvuta chini ya ampea 0.05. Yetu ilivuta 0.83.

Fanyeni hesabu pamoja nasi. Betri ile ni ya saa-ampea 70. Tangu Jumapili saa 12 jioni hata Jumatano saa 12 asubuhi ni saa 60, na 60 mara 0.83 ni karibu 50. Itabaki nini cha kuizungusha injini?

Tukaanza kuchomoa fyuzi moja moja huku tukitazama kipimo. Kwa kawaida fyuzi ya njia yenye kosa ikichomolewa, hesabu huanguka, nawe umempata mwizi. Tulichomoa zote, hesabu ikashuka hata 0.80, isishuke tena. Jambo hili lilitutatiza nusu siku, na giza likatukuta tungali tumeinama chini ya boneti. Kesho yake tukawaza hivi: kama umeme haupiti katika fyuzi, basi wapita katika waya usio wa kiwanda, au katika waya mnene wa stata au wa alteneta. Alteneta ikiharibika ndani huweza kurudisha umeme nyuma usiku, ingawa mchana hulisha vizuri. Tukautenga waya wake. Hesabu ikabaki 0.80.

Dereva alikuwa amesimama karibu akitushikia taa. Akasema, “Mwalimu, kuna waya mwekundu hapa wa kipaza sauti. Waliufunga mafundi wa mjini.” Tukaufuata kwa mkono. Ulitoka katika kichwa chanya cha betri, ukapita chini ya zulia, ukaingia katika mtambo wa kukuzia sauti uliofungwa chini ya kiti cha nyuma kwa ajili ya mahubiri ya mitaani. Swichi yake ilizima kinasa sauti tu, mtambo wenyewe ukabaki macho mchana na usiku. Tuliupapasa: motokaa ilikuwa imelala tangu jana, na ule mtambo ulikuwa na joto. Tukarudisha fyuzi na waya wa alteneta, tukautoa ule mwekundu, tukangoja. Kipimo kikaonyesha 0.03.

Hatukuliandikia baraza barua. Tuliwaita wazee uwanjani asubuhi mapema, waya ukiwa umerudishwa tangu jana yake, kila mmoja akatia mkono chini ya kiti. Neno la kufukuza likafutwa. Fundi wa hapa kijijini akatia fyuzi katika ule waya, karibu na betri, na swichi mbele ya dereva yenye taa nyekundu ya kuonya. Tangu siku ile motokaa imewahi kulala siku tisa, na siku ya kumi ikawaka mara ya kwanza. Betri ya zamani haikupona kabisa. Tumeiweka ofisini mwa shule, nayo hutosha taa moja ya kusahihishia madaftari.

Fedha zilizokatwa miezi miwili zimerudishwa, na makato ya mwezi wa tatu hayakufanyika. Katika wale waliokuwa wamesema habari ya simu, wawili walikwenda nyumbani kwa dereva jioni ile ile, wakanywa chai. Wa tatu hajakwenda.