Belghamu: Neno Lililotoka Motoni

Sisi tukaao Tarakea, huku juu Rombo karibu na mpaka wa Kenya, ifikapo mwezi wa Juni ukungu hutushukia kutoka mlimani, na watoto huja chuoni wakikohoa. Mwaka jana mwanafunzi wangu mmoja, kijana wa miaka 14, alikohoa hata kisomo kikamshinda. Mama yake akaniuliza, "Maalim, mwanangu ana nini?" Nikamjibu pasi na kusita, "Belghamu ya baridi tu, mama. Mpe tangawizi na asali."

Jibu hilo sikulibuni mimi. Neno belghamu tumelipata kwa Waarabu, nao walilipata kwa Wayunani, waliosema phlegma. Mwanzo wa neno hilo zamani ulitamkwa kama p yenye pumzi, na kwa kuwa Kiarabu hakina p, ikawa b. Asili yake ni kuwaka moto. Ajabu ni kwamba kitu hicho chenye jina la moto ndicho matabibu wa kale, akina Hippocrates na Jalinusi, walichokihesabu kuwa baridi na majimaji, kimoja katika vinne viutawalavyo mwili: damu, belghamu, safra na sauda. Hunayn bin Is-haqa, aliyefariki mwaka 873, alivifasiri vitabu vya Jalinusi huko Baghdad, na Ibn Sina (980–1037) akaishika hesabu hiyo katika Al-Qanun. Hata safura yetu, maradhi ya minyoo yanayompausha mtu, jina lake latokana na safra, nyongo ya manjano.

Basi ilmu ya miaka zaidi ya elfu mbili ndiyo niliyompa yule mama kwa maneno machache, naye akaniamini.

Majuma matatu yakapita. Shangazi yake kijana hakuridhika, akampeleka zahanati. Makohozi yakapimwa: kifua kikuu, maradhi ya kijidudu alichokigundua Robert Koch mwaka 1882, wala hayaletwi na ukungu. Akaandikiwa dawa za miezi sita.

Nasi tulikuwa tumeketi naye mkeka mmoja, wadogo kwa wakubwa. Tuliitwa sote tukapimwa, na usiku ule sikupata usingizi. Alhamdulillahi, tulikutwa salama.

Mama yake hakunilaumu hata siku moja, heri angenilaumu. Kijana alimaliza dawa mwezi wa Februari, na sasa amefika Suratul-Baqara.