Roketi ya Penseli

Mwaka 2018 nilibahatika kukaa majuma sita katika shule moja ya msingi huko Colorado, Marekani, nikitazama jinsi wenzetu wanavyofundisha Sayansi. Jimbo hilo lina historia yake katika jambo ninalotaka kulisimulia. Mwaka 1961 Vern Estes alihamishia katika mji mdogo wa Penrose kazi yake ya kutengeneza roketi ndogo za karatasi pamoja na injini zake, na watoto wa huko huziunda kama wetu waundavyo tiara na magari ya mabua.

Mwenyeji wangu alinikabidhi vipande vya roketi ya mzaha. Ikikamilika ingefanana na penseli kubwa ya manjano, yenye ncha nyeusi mbele na kifutio nyuma. Niliiunda pamoja na wanafunzi wanne wa darasa la tano. Tulipaka gundi, tukapiga msasa, tukafunga uzi wa mpira unaoshikanisha pua na kiwiliwili. Msichana mmoja, mpole kuliko wenzake, alipewa kazi ya kukunja mwavuli wa plastiki. Aliukunja mara tatu mbele yangu, kila mara akiufungua tena kwa kutoridhika.

Mapezi yalikuwa manne, ya plastiki angavu kama kioo, na machoni pangu yalikuwa mapana mno. Penseli gani yenye mapezi? Usiku, nikiwa peke yangu, nilichukua mkasi nikayapunguza karibu nusu ili umbo lipendeze. Sikumwambia mtu.

Kesho yake tulikwenda uwanjani. Injini ilikuwa mrija mfupi wa karatasi ngumu wenye baruti iliyoshindiliwa, nao uliandikwa B6-4. Herufi huonyesha jumla ya nguvu, na kila herufi ni maradufu ya ile iliyoitangulia. 6 ni wastani wa msukumo kwa nyutoni. 4 ni sekunde za kungoja, baada ya baruti kwisha, kabla ya mwavuli kusukumwa nje. Huwashwa kwa betri na waya, mrushaji akiwa umbali wa mita 5. Tulihesabu kurudi nyuma. Penseli ilipanda kadiri ya kimo cha mnazi, ikapinduka, ikapinduka tena, ikaanguka majanini. Mwavuli ulifyatuka roketi ikiwa imekwisha kulala chini.

Wenzake walimgeukia yule msichana. “Hukuukunja vizuri,” mmoja akasema. Yeye akanyamaza. Nami, mkufunzi mwenye stashahada ya elimu, nikanyamaza vilevile. Mwavuli hauwezi kuipindua roketi wakati ungali umefungiwa ndani yake. Nililijua hilo pale pale niliposimama.

Kimya changu kilidumu mpaka baada ya chakula cha mchana. Ndipo nilipotoa mfukoni vile vipande vya plastiki nilivyovikata, nikaviweka mezani mbele ya kundi zima na mwalimu wao. Nilitarajia kuulizwa kwa nini nilivikata. Msichana akauliza swali jingine: “Kwa nini yalikuwa makubwa hivyo?”

Swali hilo lilitumaliza alasiri yote. Tulitia ndani injini mpya isiyowashwa, maana uzito wake nao huhesabika, tukaitafuta sehemu ambapo roketi hulala sawasawa juu ya kidole. Hapo tukafunga uzi wa mita 2, na mwalimu akaizungusha kichwani pake mahali peupe. Ilikwenda ubavu, mara nyingine mkia mbele. Tukakata mapezi mapya kutoka kifuniko cha plastiki, kwa upana wa yale ya kwanza. Safari hii pua ikatangulia. Watoto wenyewe waliona kwamba upepo ulikuwa ukisukuma mapezi nyuma ya sehemu ile ya uzi, na mkia ukalazimika kufuata. Siku ya pili penseli ilipaa wima. Mwavuli ulifunguka, na msichana alikuwa wa kwanza kuufikia.

Ndugu mwanachuo, huhitaji kuagiza roketi, na baruti usiiguse kabisa. Viringisha karatasi ya manila, weka donge la udongo wa mfinyanzi puani, bandika mapezi ya karatasi, funga uzi, uzungushe. Acha kila kundi lichague upana wa mapezi yake, na yawepo makundi yatakayokosea. Mimi ningetenga vipindi viwili, maana kimoja huisha kwa kukata na kubandika.

Miaka michache kabla ya safari ile nilimpunguzia alama mwanachuo mmoja katika mazoezi ya kufundisha, kwa sababu jaribio lake lilishindikana mbele ya wanafunzi. Nilimwandikia kwamba angalilifanya kwanza peke yake, na ushauri huo naushikilia hata leo. Lakini niliondoka darasani kabla kipindi hakijaisha, wala sikumwuliza aliwaambia nini watoto baada ya jaribio kumshinda. Siku hizi nakaa mpaka kengele inapolia.